Chuchu zilizochanika: mawese, asali, lanolini au maziwa yenyewe?

Mhudumu_Ujiji
Habari zenu wadau. Wazazi wapya huku mtaani wanauliza wapake nini chuchu zikichanika. Yanayotajwa ni mawese, asali ya Tabora, mafuta ya mgando, na wachache lanolini (mafuta mazito ya sufu ya kondoo) ya duka la dawa. Kipi kinasaidia, kipi kina madhara kwa mtoto, na kipi ni kupoteza hela?

Mkunga_Kasulu
Kabla ya kupaka chochote, mwambie mama aitazame chuchu mara tu mtoto anapoiachia. Ikitoka ya mviringo, sawa. Ikitoka imebapa, au imechongoka upande mmoja kama kalamu iliyochongwa, na mstari mweupe nchani, ilikuwa inabanwa kati ya ulimi na kaakaa gumu. Hapo hata apake kopo zima la lanolini, kidonda kinafunguka upya kila mtoto akinyonya, na mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku.

Kurekebisha: mama aegemee, asimwinamie mtoto. Tumbo la mtoto liguse la mama. Sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja, pua ielekee chuchu. Agusishe chuchu kwenye mdomo wa juu, asubiri kinywa kipanuke kama cha mtu anayepiga mwayo, ndipo amlete titini upesi, kidevu kikitangulia. Ashike mabega, asisukume kisogo. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini.

Maumivu ya sekunde chache mwanzoni, siku za kwanza, si ajabu. Yakiendelea, amtoe aanze tena: aingize kidole kidogo kisafi pembeni mwa mdomo mpaka mvuto uachie. Kumchomoa kwa nguvu ndiko kunakochana.

Nesi_Tabora
Naunga mkono kabisa. Naanza na asali maana ndiyo inayonitia hofu. Asali yetu ya Sikonge ni nzuri, ila kwenye chuchu HAPANA. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Mtu mzima anazimudu, lakini kwenye utumbo wa mtoto wa chini ya miezi 12 zinaweza kuchipua na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kuichemsha nyumbani hakuziui, na kuifuta kabla ya kunyonyesha hakutoshi.

Lanolini iliyosafishwa kwa ajili ya wanaonyonyesha haina neno. Kiasi cha punje ya choroko kila upande, ailainishe vidoleni kisha aigusishe bila kusugua. Haihitaji kufutwa. Lakini mama asiye na hela asijione amekosa dawa: mapitio ya 2014 ya Cochrane (mtandao unaokusanya na kulinganisha tafiti za tiba), majaribio 4 yenye wanawake 656, yaliona kwamba kutopaka kitu, au kupaka maziwa ya mama tu, huenda kukafaa sawa na lanolini au hata zaidi. Kwa wengi maumivu yalishuka yakawa madogo siku ya 7 hadi 10 baada ya kujifungua, walichopaka kiwe chochote.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni maziwa yenyewe: matone 2 au 3 mwisho wa kunyonyesha, ayapake, yakauke kwa hewa kabla ya kuvaa. Kitambaa cha sidiria kikilowa, abadilishe.

Mhudumu_Ujiji
Asante dada. Na mawese? Huku kila nyumba yapo.

Mkunga_Kasulu
Hayana hatari ile ya asali, ila yana utelezi. Titi likiwa na mafuta mtoto anateleza mpaka nchani, na ncha ndiyo inayochanika. Tena ule wekundu unaficha damu na ngozi, ukija kukagua huoni kitu. Mafuta ya mgando lazima yafutwe kabla ya kunyonyesha, na kufuta ni kukwangua kidonda. Sabuni na spiriti aache. Maji ya kuoga yanatosha.

Mfamasia_Mwanga
Kwa maumivu: paracetamol ya mg 500, vidonge 2, nusu saa kabla ya kunyonyesha. Visizidi 8 kwa saa 24.

Mama akisema inaunguza hata baada ya mtoto kuachia, ngozi inang'aa, na mtoto ana utando mweupe mdomoni usiofutika, fikirieni fangasi. Mtoto hupewa nistatini ya maji, dawa ya fangasi (yuniti 100,000 kwa ml), ml 1 mara 4 kwa siku baada ya kunyonya, siku 7, na mama krimu ya nistatini wakati uleule. Akitibiwa mmoja wataambukizana tena. Aonwe na mtaalamu kwanza, asinunue krimu za mchanganyiko kwa kubahatisha.

Nesi_Tabora
Aanze na titi lenye nafuu. Ikishindikana kabisa, titi lenye kidonda lipumzike saa 12 hadi 24, lakini alikamue kila saa 2 hadi 3 na kumlisha mtoto kwa kikombe. Likiachwa lijae linakaza, mtoto hawezi kulishika.

Homa, sehemu nyekundu yenye joto, au usaha: kituoni siku hiyohiyo. Mama mwenye VVU ambaye chuchu inatoa damu au usaha asinyonyeshe upande huo. Akamue amwage, anyonyeshe ule mzima, asikatishe dawa, na awahi kliniki.

Mhudumu_Ujiji
Na mtoto asiyepanua kinywa hata akisubiriwa?

Mkunga_Kasulu
Mtazame ulimi akilia. Usipovuka ufizi wa chini, au ncha ikiingia ndani katikati, huenda kuna kiutepe kinaushika kwa chini. Msikate nyumbani kwa wembe. Apelekwe kituoni, na mpaka hapo mama akamue, amlishe kwa kikombe.