Kafyu ya korona imeondolewa (Oktoba 2021), ukumbi wangu mdogo Malindi niufungueje bila kuwaponza wazee wangu?

mama_ukumbi:
Asalam aleikum jamani. Nina ukumbi wa muziki wa laivu hapa Malindi, si mbali na Lamu Road, wakibanana waingia watu 120. Tangu Machi 2020 hatujapiga kitu cha maana, baa zilifunguliwa ile Septemba lakini na kafyu bendi yamaliza kufunga spika watu washarudi majumbani. Sasa juzi Mashujaa Dei kafyu imeondolewa na simu haipoi, watu wa bango (ule muziki wetu wa Pwani) wataka Ijumaa, kina mama wa taarab wataka Jumamosi. Pesa naitaka simfichi mtu, kodi imenifika shingoni, lakini wateja wangu wengi ni wazee wa bango, wengine wana sukari na presha. Nimenunua ndoo za kunawia, sanitaiza, na kile kithamomita cha kuelekeza kwa kipaji. Ukumbi wenyewe kuta zimezibwa na kwa ndani nimepiga magodoro kelele isitoke, maana majirani walishanipeleka kwa chifu. Je yatosha?

kliniko_wa_pwani:
Dadangu, hicho kithamomita chamridhisha afisa wa afya tu. Mtu huanza kuambukiza kama siku mbili kabla hajajisikia vibaya, na wengine hawajisikii kabisa, atapita hapo mlangoni yuacheka. Ndoo ziweke hazina ubaya. Ila korona safari yake kubwa ni hewani na mtu akiimba huitoa kwa wingi kuliko akiongea. Kuna kwaya jimbo la Washington kule Marekani, Machi 2020, walikuja mazoezini watu 61 na mmoja wao ana kama mafua, wakaimba ndani saa mbili na nusu, wakaugua 53 (wengine hawakupimwa lakini dalili zote walikuwa nazo) na wawili wakafa. Na sanitaiza ilikuwepo mlangoni. Kwa hiyo mimi ukiniuliza, huo ukuta ndio wa kuogopa.

fundi_mixer:
Naongeza hapo kwa kliniko. Mama hayo magodoro hata kelele hayazuii, yanakula zile sauti nyembamba tu, besi yapita kama hakuna kitu na besi ndiyo inayomtoa jirani kitandani!! Bomoa ukuta wa upande wa bahari, acha nguzo na makuti, kaskazi ikishika mwezi ujao hewa itapita yenyewe hulipi stima. Halafu zile spika mbili kubwa achana nazo, weka ndogo nyingi karibu na meza, kila mtu anasikia bila wewe kupandisha volyumu, besi ishushe. Na anza mapema, saa kumi jioni baada ya alasiri, magharibi ikiadhiniwa muziki wasimama watu watoke nje wapunge upepo, msikiti hauna neno na ukumbi unabadilisha hewa. Ukiwa na shaka kuna kimashine cha kupima hewa watu waliyoipumua (kaboni dioksidi), nje husoma kama 420, ndani ikipita 800 jua mnarudishiana pumzi.

kijana_wa_barani:
yakhe mnamtisha mama wa watu bure. wanasiasa kila wikendi wanajaza uwanja hakuna barakoa hata moja mbona hamuendi kuwabomolea ukuta 😂

kliniko_wa_pwani:
Uwanja hauna ukuta kaka, hebu fikiria hapo. Siwatetei lakini. Hata ndani yawezekana, Barcelona Machi 2021 waliingia watu kama 5,000 kwenye shoo moja ya ndani, wote wamepimwa siku hiyohiyo, wamevaa barakoa nzito, hewa imeongezwa. Baadaye waliopatikana na ugonjwa ni 6, na 4 kati yao ilionekana waliupata kwengine. Ila wale walikuwa na hela ya kupima kila mtu, mama atapima nani hapa na kiingilio chenyewe ni cha bia mbili? Ndio nasema aanze na hewa, na wazee wachanje kabla ya kuja, hospitali ya Malindi chanjo mwaka huu wa 2021 ni bure.

sauti_ya_ubani:
Mashoga na kaka zangu mmesahau kutuza! Mimi naimba taarab, mtu yuaja na noti yake mpaka usoni pangu, anicheze, aniimbie sikioni, wengine wanibandika kwa kipaji. Barakoa siwezi kuimba nayo. Weka kapu chini mbele ya jukwaa, ama namba ya M-Pesa waitangaze, na meza ya kwanza ikae mbali nami. Maikrofoni kila mwimbaji yake, hizi za kupokezana zanuka mate hata kabla ya korona. Na mama, watu wakiwa nusu usitukate malipo nusu, fanya shoo mbili fupi.

mama_ukumbi:
Allah awalipe. Ukuta utabomolewa wiki hii nimeshaongea na fundi, watu 60 kwa shoo, shoo mbili. Kutuza wallahi sikuwaza kabisa. Bango nitaanza nao Ijumaa ya wiki ijayo, taarab isubiri wiki moja niwaone majirani watasemaje na hiyo besi.

sauti_ya_ubani:
Haya basi mamangu, Jumamosi hiyo nachukua harusi ya Watamu. Lakini ile ya pili ni yangu, usimpe mtu.