Mrejesho: zile spika za bei mbaya

Wakuu, niliuliza kama spika za sebuleni za bei mbaya zinalipa au nibaki na sabufa yangu, basi hela ya korosho ilipoingia nikavuta KEF LS50 za mtumba, zile za Uingereza twita (kispika cha sauti nyembamba) imekaa katikati ya wufa (spika ya sauti nzito), nikazifunga hapa Shangani Mtwara. Mwanzoni nilinuna, sebule marumaru tupu, spika zimebanwa ukutani, besi inavuma tu. Mdau akaniambia zivute mbele kama futi 2 tandika na zulia, aisee! Taarabu ikafunguka, muimbaji utadhani kasimama pale kwenye TV. Ila singeli bado sabufa inazikalisha, besi ya kutikisa dirisha hamna kabisa. Kwa msikilizaji mtulivu zinalipa. Za bei zaidi ya hapo? Mi bora ninunue bati.