Farasi yuko HEWANI wao wanakata! Hivi hawa jamaa wana akili timamu?

Fito za Aachen (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Makosa ya herufi mnisamehe, au msinisamehe, leo sijali.

Hawa jamaa wana nini? Siwataji, mnawajua. Hao hao wa dishi. Hao hao wenye ule wimbo wa kukusubirisha kwenye simu mpaka mtoto anaota meno. Kifurushi kikibakiza siku mbili wanakuandama kwa meseji kama mdai wa vikoba, na kikiisha hawakupi hata nafasi ya kumeza mate, skrini nyeusi. Kwenye kuchukua hela wako makini ajabu. Kwenye kuonyesha ulicholipia sasa!

Leo ilikuwa Jumapili ya Aachen. Kwa wasiofuatilia farasi wa kuruka viunzi: Aachen iko Ujerumani, na Grand Prix ya pale ndiyo kila mpanda farasi anaiota usiku. Uwanja unabeba watu kama 40,000, na wote wanakaa kimya farasi anapoingia. Kimya! Nyie harusini hamnyamazi hata MC akiomba dua.

Nimekaa tangu mchana. Sijala. Raundi ya kwanza nimeiona. Raundi ya pili nimeiona. Wamebaki wale wachache ambao hawajaangusha mti hata mmoja wa viunzi, wanaingia raundi ya kuamua: viunzi vinapunguzwa, kona zinakazwa, asiyeangusha na mwenye muda mfupi ndiye bingwa. Anaingia wa mwisho. Yuko mbele ya saa. Mimi nimesimama. Mke wangu naye kasimama, hajui kwa nini. Wanakuja kiunzi cha mwisho, kile cha miti miwili, mita 1.60 kwenda juu na upana wake juu yake. Farasi kakunja miguu ya mbele, mpandaji kalegeza hatamu, wako hewani...

Wakakata.

Farasi HEWANI, wakakata! Mara naona meza. Wanaume wanne, suti za kubana, wanajadili tetesi za usajili. Tetesi! Ingekuwa mechi ningemeza, nchi hii ni ya mpira, nimeshakubali. Lakini ligi za Ulaya zimefungwa! Wachezaji wako ufukweni na wake zao! Wanamjadili mtu ambaye hajasaini, hajapima afya, hajapanda hata ndege, halafu mmoja anajiegemeza kwenye kiti anasema "tusubiri tuone". Mimi ndiye nilikuwa nasubiri nione, wewe!

Mpaka sasa saa nne usiku yule farasi hajatua. Nikifumba macho yuko pale pale, miguu kakunja, ananiangalia.

Nikapiga simu. Baada ya ule wimbo akapokea dada mmoja, sauti imejaa asali: "Mteja wetu mpendwa, mbio za farasi zimemalizika." MBIO! Nikamwambia dada yangu, hizo sio mbio, farasi anaruka. Akanijibu, "Ameshamaliza kuruka, mteja wetu." Akakata. Na yeye akakata!

Sekunde moja kwenye mchezo huu mnaijua? Olimpiki ya Tokyo, fainali ya mpandaji mmoja mmoja: Ben Maher na farasi wake Explosion W sekunde 37.85, Peder Fredricson na All In 38.02. Dhahabu na fedha zimepishana kwa 0.17. Hujamaliza kupepesa. Hawa mimi wamenikatia kiunzi, mshindi, medali na wimbo wa taifa juu.

Marudio yameandikwa saa kumi usiku. Nimetega alamu. ANAYEJUA MATOKEO ANYAMAZE.

Chalii wa Njiro

Nimekaa paleee na karanga zangu.

Mzee wa Mkeka

Uliweka shilingi ngapi?

Fito za Aachen

Sikuweka kitu mkuu. Sio kila kitu mkeka.

Mzee wa Mkeka

Sasa unalia nini?

Shangazi wa Segerea

Mwanangu, kwani farasi umewahi kumgusa? Maana kwa ninavyojua mimi, huko kwenu Tabata mnyama mkubwa kuliko wote ni yule mbwa wa gereji.

Fito za Aachen

Shangazi, shikamoo. Nilipiga naye picha Sikukuu ya Idi. Na haihusiani! Nyie wangapi mmewahi kugusa mpira wa Ligi ya Mabingwa?

Kibiriti Ngoma

Swali la kizushi. Farasi kakuta kiunzi, si akizunguke? Njia iko wazi kulia na kushoto. Nani kamlazimisha?

Fito za Aachen

Akikikwepa au akigoma mbele yake ni pointi nne za adhabu, sawasawa na kuangusha mti. Akigoma mara ya pili, nje. Mpandaji akidondoka, nje hapo hapo. Lakini kwa nini nakufundisha saa hizi? Farasi yuko HEWANI!

Kibiriti Ngoma

Kumbe farasi anaruhusiwa kugoma mara moja na anabaki kazini. Mimi ofisini kwetu mgomo wa kwanza tu nilipewa barua.

Chalii wa Njiro

😂😂😂 Kibiriti umeua.

Mchambuzi Huru

Weka picha. Uzi bila picha ni chai.

Fito za Aachen

Picha ndiyo WALIYOKATA!

Mpemba wa Maskati

Ndugu yangu pole sana, Mwenyezi Mungu akupe subira. Sisi huku twaangalia yale mashindano ya Doha, uwanja wa Al Shaqab, na chaneli za Waarabu hazikati hata farasi akiwa anapanguswa jasho. Kwa hawa watu farasi si jambo la utani. London 2012 Wasaudia walichukua shaba ya timu kwenye mchezo huo huo, na kabla yake Sydney 2000 Khaled Al-Eid alikwishawachukulia shaba peke yake. Hama dishi, usijitie maradhi ya moyo.

Mzee wa Mkeka

Nauli ya kuhamia Maskati utamtumia wewe?

Binti Köln

Kaka Fito, mimi nilikuwepo leo uwanjani. Kutoka kwetu mpaka Aachen ni treni tu, hata kitabu hujamaliza. Pole jamani. Na ile kuaga ya mwisho pia umeikosa, nchi zote zinazunguka uwanja, watu majukwaani wamesimama wanapunga leso nyeupe, huoni kichwa unaona leso tu. Mume wangu Mjerumani, hajawahi kulia tangu nimjue, leo kalia.

Fito za Aachen

Dada umenimaliza. Wewe unaona leso, mimi naonyeshwa tai. Naomba usiseme mshindi.

Binti Köln

Sisemi. Ila kile kiunzi cha mwisho, mmh.

Fito za Aachen

MMH ya nini?

Binti Köln

Nimeshanyamaza.

Fito za Aachen

Huwezi kuguna halafu ukanyamaza! Mguno ni matokeo!

Mzee wa Mkeka

Kaangusha. Nimecheki kwenye simu sasa hivi. Mti wa mwisho, pointi nne. Zima alamu ulale, kesho Jumatatu.

Fito za Aachen

...

Shangazi wa Segerea

Mzee, hiyo roho yako!

Fito za Aachen

Mzee wa Mkeka, mkeka wako uchanike mpaka kizazi cha saba. Nimeandika kwa herufi kubwa! Hata shule ya msingi wanasoma herufi kubwa! Farasi nilikuwa nimemwacha hewani salama, wewe ukamwangusha.

Mzee wa Mkeka

Si afadhali? Wenye dishi walijua ataangusha, wakakuficha aibu mbele ya shemeji.

Kibiriti Ngoma

Naunga mkono hoja. Hawa jamaa leo wamekuwa wastaarabu.

Fito za Aachen

Hamjui mnachokiongea. Paris 2024, pale Versailles, watatu waliingia raundi ya kuamua. Steve Guerdat kaangusha mti, Maikel van der Vleuten kaangusha mti, Christian Kukuk na Checker 47 hawakugusa kitu, dhahabu. Kuangusha ndiko KUNAKOANGALIWA! Ule mti unavyocheza kwenye kikombe chake, yaani kile kishikizo kinachoubeba, unayumba, hujui utabaki au utadondoka, ndicho nilicholipia kifurushi! Ningeona mti ukidondoka ningekufa na raha yangu. Wao wakanipa suti nne!

Punda wa Shela

Poleni, lakini nyinyi mwalia na farasi wa watu. Sisi Lamu punda hushindana wakati wa Maulidi, kando ya bahari, mji mzima umetoka kutazama. Mpandaji hana tandiko, hana kofia, ana fimbo na dua ya mamake. Je, hilo dishi lenu lilikuja lini kuwaonyesha? Farasi wa Ujerumani ana daktari, ana fundi wa kwato, ana gari lake la kusafiria. Punda wa Lamu asubuhi kabeba mchanga, jioni ni mwanariadha. Nani anayefaa runinga hapo?

Chalii wa Njiro

Punda apewe maua yake.

Fito za Aachen

Sina ugomvi na punda. Ila msidhani farasi ni kudekezwa tu. Tokyo Wasweden walichukua dhahabu ya timu, na farasi wao All In na King Edward walikuwa miguu mitupu, hawana viatu vya chuma.

Punda wa Shela

Sisi wetu hawajavaa tangu enzi za masultani, na hatukuandikwa gazetini.

Babu Kanzu

Vijana, mnabishana juu ya mita moja na nusu. Rekodi ya farasi kuruka juu ni mita 2.47. Farasi aliitwa Huaso, mpandaji kapteni wa jeshi la Chile, Alberto Larraguibel, tarehe 5 Februari 1949 pale Viña del Mar. Mpaka leo haijavunjwa.

Kibiriti Ngoma

Shikamoo babu. Tangu 1949 haijavunjwa? Basi hao wa sasa ni wavivu. Mimi nilidhani mleta uzi analilia kitu cha maana.

Mchambuzi Huru

Mita 2.47 ni ukuta wa jirani yangu pamoja na chupa zilizovunjwa juu. Huyo farasi angekuwa mtaani kwetu angekuwa mahabusu.

Fito za Aachen

Babu, marahaba... yaani shikamoo. Mnaona mlivyonichanganya. TURUDI KWENYE MADA. Walikata farasi akiwa hewani.

Mama Ntilie Msomi

Mada gani? Mimi hao hao jamaa Ijumaa wamenifanyia unyama ambao wa farasi ni cha mtoto. Tamthilia yangu ya Kituruki, daktari kashika bahasha ya vipimo, anaifungua kumtaja baba wa mtoto, nimeacha maharage jikoni. Wakaweka tangazo la sabuni. Likaisha, likarudi tena lile lile. Kurudi kwenye tamthilia wote wameshalia, bahasha iko chini! Maharage yameungua! Nani baba?

Shangazi wa Segerea

HATA MIMI! Mungu wangu, nilidhani ni king'amuzi changu kibovu. Nikampigia fundi, kachukua elfu kumi kupanda juu ya bati.

Chalii wa Njiro

Shangazi umeliwa. Baba ni yule mdogo wake na tajiri, mwenye ndevu.

Mama Ntilie Msomi

Haiwezekani, yule alikuwa jela msimu wa kwanza wote.

Binti Köln

Huku kuna dada zetu wa Kituruki kazini, wako mbele yetu msimu mzima. Nawaulizia kesho.

Punda wa Shela

Dada, ukiuliza, uliza na yule bibi kipofu kama ni kipofu kweli. Mimi simuamini. Juzi kakwepa meza.

Mzee wa Mkeka

Yule bibi anaona vizuri tu, hata hati za shamba alizisaini mwenyewe.

Shangazi wa Segerea

Mzee, na wewe unaangalia?

Mzee wa Mkeka

Napita tu sebuleni.

Kibiriti Ngoma

Unapita sebuleni misimu miwili 😂

Fito za Aachen

Wakuu, saa kumi na dakika saba. Nimeamka. Badala ya marudio ya Aachen wameweka marudio ya tetesi za usajili. Wale wale wanne. "Tusubiri tuone."

Mama Ntilie Msomi

Sawa, ila kama ni huyo mwenye ndevu, mtoto macho ya kijani katoa wapi?