Treni ya siku moja Dar–Morogoro na watoto watatu: nipige picha wapi?

Mama_wa_Katuba

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, komini ya Katuba. Mume wangu anakwenda Dar mwezi wa nane kufuata bidhaa Kariakoo, na mara hii amekubali twende wote kwa sababu watoto wako vakansi. Ninao watatu: miaka 12, 9 na 4. Marehemu baba yangu alikuwa mashinisti, dereva wa treni, tangu wakati shirika letu la reli linaitwa BCK mpaka likaitwa SNCC, na wajukuu wake hawajapanda treni hata siku moja. Wanachojua ni kusimama pale reli inapokata barabara, tukingoja vagoni za madini zipite. Kadogo huzihesabu, akifika kumi na tano anaanza upya.

Treni yetu ya Kamina si ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, mnajua wenyewe. Ile ya umeme ya Dar, naambiwa unafika Morogoro na kurudi siku ileile. Ni kweli? Na mtoto wa miaka 4 atavumilia?

La pili ni picha. Baba aliacha bahasha yenye picha nane, zile za zamani zenye kingo za meno-meno. Katika moja amesimama kwenye ngazi ya lokomotivi, kofia mkononi, na nyuma yake kuna tangi la maji ambalo leo halipo tena. Nataka ya namna hiyo kwa wajukuu, kabla hata hivi vilivyopo havijabadilika. Lakini naogopa. Mwaka jana nilitoa simu tu karibu na reli hapa mjini, mtu mwenye yunifomu akanifutisha picha zote, pamoja na za ubatizo wa kadogo. Sijamsamehe.

Tonton_Ilala

Karibu sana mama. Mimi mtoto wa Kenya (komini, si nchi!), sasa naishi Dar. Ndiyo, inawezekana. Treni ilianza kubeba abiria hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Julai ikafika Dodoma. Morogoro ni kama saa mbili hivi, kadogo atalala tu. Kateni tiketi mapema na mbebe paspoti za wote.

Kitu kimoja: saa ya Dar iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja. Nilipokuja mara ya kwanza sikugeuza saa yangu, na gari likaniacha nikiwa nakunywa chai, roho safi kabisa. Tena mtu wa hapa akikuambia "saa moja asubuhi" anamaanisha 7:00.

Wakati wa kwenda kaeni upande wa kushoto, mtaona milima ya Uluguru mkikaribia Morogoro. Madirisha hayafunguki. Gandamiza simu kwenye kioo, ujifunike kitenge kichwani pamoja na simu. Watu watacheka, lakini picha haitakuwa na mwanga wa ndani.

Mzee_wa_Reli

Mwanangu, kama baba yako alikuwa mashinisti, huenda tulikula bukari pamoja. Wambie watoto wasishangae umeme. Sisi waya zilikuwa juu ya reli kati ya Likasi na Tenke tangu 1952.

Cha kushangaza ni upana. Dar kuna reli za namna tatu. Ile ya Wajerumani, iliyofika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, ina milimita 1,000. Ya umeme ina 1,435. Na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyofunguliwa 1976, ina 1,067, sawasawa na yetu. Kwa hiyo vagoni ya Lubumbashi inaweza kupita Sakania, Ndola, Kapiri Mposhi, ikaingia Dar bila kubadilisha magurudumu. Wapeleke stesheni ya TAZARA, barabara ya Nyerere, uwaonyeshe: reli hii hii inafika kwetu. Upige picha ya kiatu cha mtoto katikati ya reli, kiwe kipimo.

Picha_Kamalondo

Mzee, kiatu sawa, lakini treni isiwe njiani! Mama, hapa kwetu au kule, anza na mlinzi: msalimie, mwonyeshe ile picha ya baba, ndipo uombe. Simu ibaki mfukoni mpaka aseme ndiyo. Kule Dar, ukitoka mjini, reli ya zamani inakwenda karibu na mpya sehemu nyingi. Lenga zote mbili ndani ya picha moja, maana huenda ni miaka michache tu zitaonekana hivyo pamoja.

Mama_wa_Katuba

Tumerudi. Aksanti kwenu wote. Kitenge kimefanya kazi, ila picha nne zina kivuli cha chupa ya soda ya kadogo. Yeye alilala kabla ya Ngerengere, akaamka Morogoro akiuliza vagoni ziko wapi. Ngazi ya treni walitukatalia, basi mkubwa alisimama chini, kofia mkononi kama babu yake, uso umekunjwa sababu ya jua. Hiyo ndiyo niliyoichapisha.

TAZARA nilimwonyesha mlinzi picha ya baba. Aliitazama muda mrefu, akageuza kuona nyuma pameandikwa nini, kisha akatusindikiza mwenyewe hadi mwisho wa jukwaa. Yule wa miaka 9 alivua kiatu akapima: viatu vitano kasoro vidole viwili.

Jana amechelewa kutoka dukani. Kumbe alipitia kwenye reli yetu kupima. Nimemgombeza vizuri kwa kwenda huko peke yake, halafu nikamwuliza amepata vingapi.

— Vitano, mama. Kasoro vidole viwili.