Nyota nne na nusu za gemu ya VR zinatusaidia nini sisi wa Arusha na Moshi?

MLETA MADA (Sakina, Arusha)

Wadau, naleta hoja, na najua kuna watakaonuna. Rivyu (tathmini) za gemu za VR, zile za kuvaa miwani ukajiona uko ndani ya gemu, zinazotoa nyota, au alama juu ya kumi, hazimsaidii mchezaji wa huku. Sisemi wanaoziandika ni waongo. Nasema wanajumlisha vitu visivyojumlishika.

Gemu ya mpira kwenye PlayStation, ukiisifia wewe kisha nikaicheza mimi, wote tunatazama kioo cha aina moja tukiwa tumekaa kwenye kochi. VR inaingia mwilini. Miwani inayaambia macho kwamba unakimbia, wakati sikio la ndani, ambalo ndilo linalotunza mizani ya mwili, linajua umesimama tu sebuleni. Ubongo unapata taarifa mbili zinazogombana. Kuna watu hawasikii kitu. Kuna wengine, mimi nikiwemo, jasho jembamba linaanza kutoka, kisha kichefuchefu. Sasa mtu akiniambia gemu ina nyota nne na nusu, hizo ni za tumbo la nani?

Chukua Half-Life: Alyx ya Valve, iliyotoka Machi 2020. Wahakiki karibu wote waliimwagia sifa, na mimi nasifia pia. Mpaka leo sijaona gemu inayoheshimu mikono ya mchezaji kama ile. Unapekua rafu kutafuta risasi, unasukuma makopo, unapakia bunduki hatua kwa hatua kwa vidole vinavyotetemeka huku kiumbe anakuja. Lakini kilichonifanya niweze kuimaliza hakimo kwenye alama hata kidogo. Ni kwamba inakuachia uchague namna ya kutembea: unaweza kuhama ghafla kutoka hapa hadi pale bila kuona njia ya katikati, unaweza kutelezeshwa haraka, au ukatembea mfululizo kwa pedi. Anayehama ghafla na anayetembea mfululizo, kimwili, wamecheza gemu mbili.

Halafu inakula karibu GB 67 na inataka kompyuta yenye RAM ya GB 12 na kadi ya michoro ya kiwango cha GTX 1060 kwa uchache. Mhakiki wa London hana sababu ya kuandika habari za bando. Sisi tunayo.

Pendekezo langu: rivyu ya VR ianze na aliyecheza. Alisimama au alikaa? Alitembea vipi ndani ya gemu? Alivumilia muda gani kabla ya kuvua miwani? Chumba kilikuwa na ukubwa gani? Nyota zifutwe kabisa. Nipingeni.

MWENYE BANDA LA GEMU (Ngarenaro, Arusha)

Nakupinga, mkuu, tena kwa nguvu. Wewe unacheza kwako kwa starehe. Mimi nina banda, na kila gemu ninayonunua lazima irudishe hela yake kabla sijanunua nyingine. Duka limejaa mamia ya gemu, nyingi takataka. Nyota ndizo zinanipa orodha fupi. Bila hizo unataka nisome hadithi za matumbo ya watu usiku kucha?

Baada ya orodha fupi ndiyo natumia akili yangu. Alyx unayoisifia kwangu ni hasara tupu. Mteja amelipia muda mfupi, muda wote unaisha anachezea makopo kwenye rafu! Inayoleta chakula mezani ni Beat Saber, ile ya kampuni ya Czech iliyoanza kuuzwa mwaka 2018. Umesimama palepale, vibao vinakuja kwa mdundo wa muziki, unavikata kwa mapanga mawili ya mwanga. Hakuna kutembea, kwa hiyo kizunguzungu ni nadra. Na ninaonyesha kwenye TV, watu wanajazana mlangoni kumcheka anayecheza. Nusu ya biashara ni hao wanaocheka.

Kuhusu hela kupotea: maduka makubwa mawili ya gemu hizi, Steam na la Meta, yanakurudishia ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo hofu yako imezidi.

MCHANGIAJI (Kaloleni, Arusha)

Alama zibaki. Asiyezitaka aruke macho. Mbona jambo dogo?

MLETA MADA

Mwenye banda, hapo kwenye kurudishiwa umenisaidia mimi. Gemu inarudishwa, bando je? Ukishusha GB 30 kwa kifurushi cha simu halafu ukagundua gemu inakutapisha, duka litakurudishia dola zake na wewe utabaki umefunga. Ndiyo maana nataka habari ya tumbo ije kabla ya kushusha.

Na umesema mwenyewe: Alyx ina sifa nyingi kuliko karibu gemu zote za VR, na kwako ni hasara. Nyota hazikukwambia hilo. Banda lako ndilo lililokwambia.

MCHANGIAJI (Majengo, Moshi)

Jamani na mimi nichangie, maana naona wanaume mnabishana tu habari za tumbo. Mimi navaa mtandio. Mikanda ya miwani imetengenezwa ikae juu ya nywele fupi, ikikaa juu ya kitambaa inateleza, na miwani ikishuka kidogo tu picha inakuwa na ukungu. Rafiki yangu alikuja amesukwa rasta nene, mkanda wa nyuma ukagoma kufunga. Tuliishia kuishika miwani kwa mkono, na gemu zenyewe zinataka mikono miwili.

Hakuna rivyu niliyowahi kuona inasema "gemu hii ina kurukaruka sana, kama umesuka au umevaa mtandio utahangaika." Hata zile nzuri zinazochezeka umekaa, kama gofu ya Walkabout Mini Golf, mtu anaisifia mandhari kurasa nzima hasemi kwamba kichwa hakitikisiki. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa. Naunga mkono hoja ya mleta mada, ila kwenye orodha yake aongeze kichwa. Na umbali kati ya mboni za macho pia. Quest 2, miwani ya Meta, ina nafasi tatu tu za kurekebisha lenzi: milimita 58, 63 na 68. Ukiwa katikati ya hizo, unaazima macho ya mtu mwingine.

MWANAFUNZI WA KOMPYUTA (Tengeru, Arusha)

Nimesoma yote. Kwa heshima, mleta mada anachanganya mambo. Si kweli kwamba kila kitu kinategemea mwili wa mtu. Kuna vitu vinapimika na vinahusu kila mtu. Gemu ikishuka chini ya fremu (picha) ambazo miwani inazihitaji kwa sekunde, 72 au 90 kutegemea mashine na mipangilio, dunia inaanza kuchelewa nyuma ya kichwa chako, na hata mwenye tumbo la chuma atalalamika. Gemu inayokuzungusha bila wewe kugeuza shingo ni hatari kwa wengi. Hayo ni makosa ya utengenezaji, na mhakiki ana haki ya kuyakata alama. Duka la Meta lenyewe lina lebo tatu za uzito wa mwendo: tulivu, ya wastani na kali. Kwa hiyo habari ya mwili ipo, watu hawaisomi tu.

Halafu simulizi ya mwili wako nitaifanyia nini? Urefu wako si wangu, macho yako si yangu.

Kasoro ya nyota iko kwingine kabisa: tarehe. Onward, gemu ya vita ya kikosi kwa kikosi, ilipendwa miaka kadhaa. Mwaka 2020 ikaja sasisho la kuifanya iingie kwenye Quest, na wachezaji wa kompyuta wakaona michoro imeshushwa. Wakaijaza malalamiko Steam. Aliyesoma sifa za mwaka wa nyuma alinunua gemu nyingine yenye jina lilelile. Na Echo VR? Watu waliipenda sana ile, kuelea bila uzito na kurushiana kisahani. Meta waliizima tarehe 1 Agosti 2023. Sifa zake bado ziko mtandaoni na gemu haipo.

KIONGOZI WA WATALII (Rau, Moshi)

Habari zenu vijana. Mimi si mchezaji mkubwa, nilikaribishwa nijaribu The Climb, gemu ya kukwea miamba ya Crytek, kwa sababu ya kazi yangu. Niliambiwa rivyu zinasema "utahisi uko mlimani."

Basi nipime kwa ninachokijua. Hofu ya kimo ni ya kweli. Nilitazama chini magoti yakalegea, na kijana mmoja mpagazi, anayepita Ukuta wa Barranco kule Kilimanjaro na mzigo kichwani kama anapita sokoni, alichuchumaa sakafuni akagoma kuinuka. Kwenye gemu huna miguu, una mikono tu, na mkono ukichoka unaupaka chaki. Sisi kwenye mwamba tunawaambia wageni waamini miguu, mikono ni ya kushikilia mizani. Mtu akijifunza kukwea kwa gemu ile atanipa kazi kubwa siku akija. Baridi hakuna, na pumzi hakuna. Pale kileleni, mita 5,895, kila unachovuta kina takriban nusu tu ya oksijeni ya pwani. Hilo hakuna miwani itakayokupa, na ninashukuru.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni hili. Nimeona vijana wakiambiana "kaza, utazoea" mtu akianza kuona kizunguzungu kwenye miwani. Hapana. Mgeni wangu akianza kutapika kule juu simwambii akaze, ninamshusha. Kuzoea kupo, ila kunakuja kwa kuacha mapema na kurudi siku nyingine. Mhakiki anayejisifu kwamba alivumilia anafundisha vibaya.

MWENYE BANDA LA GEMU

Shikamoo mzee wangu. Hapo umesema. Mimi mteja akishika ukuta namvua miwani hapohapo, hata kama muda wake haujaisha.

Na kwa kuwa tunapeana siri: anayetaka kununua asiache miwani dirishani. Jua letu likiingia kwenye lenzi linakusanyika na kuunguza kioo cha ndani, alama haitoki tena. Mlango wa banda unatazama magharibi, saa kumi jioni natembea na kitambaa kama mlinzi.

MZAZI (Njiro, Arusha)

Mwenye banda, mbona husemi umri? Meta walikuwa wanasema miaka 13, mwaka 2023 wakashusha hadi 10 kwa ruhusa ya mzazi. Miwani ya PlayStation wanasema 12. Mabanda mangapi mjini yanauliza? Mwanangu wa miaka minane alirudi nyumbani akinisimulia mazimwi. Na miwani hiyohiyo inapita usoni kwa watu ishirini. Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yaliposambaa nchini, nilitamani niyafunge mabanda yote mimi mwenyewe.

MWENYE BANDA LA GEMU

Shikamoo mama. Umri siulizi kwa kila mtu, nasema ukweli, naangalia kimo. Usoni nimeweka kifuniko cha silikoni, nafuta kwa spiriti kila mtu akitoka, lenzi nazifuta kwa kitambaa kikavu. Sifongo la kiwandani nililitoa zamani, lile linanyonya jasho.

MZAZI

Kimo si umri, mwanangu. Uliza.

MLETA MADA

Narudi kwa mwanafunzi wa Tengeru. Lebo tatu za duka nazijua. "Wastani" ni wastani wa nani? Tunarudi palepale. Fremu kweli zinapimika, tarehe nakubali iandikwe juu kabisa. Lakini unauliza mwili wangu utaufanyia nini: utaupima na wako. Nikikwambia mimi naumwa kwenye basi la Arusha hadi Dar na gemu hii haikunisumbua, wewe usiyeumwa kwenye basi una jibu tayari. Nyota haiwezi kukupa hilo.

Basi niandike moja tuone. Beat Saber kwenye Quest 2, mwaka huu. Nimecheza nimesimama, chumba cha kupanga, kitanda kimesukumwa ukutani, nafasi kama mita mbili kwa mbili. Hakuna kutembea, sikuona kizunguzungu hata siku niliyoamka na kichwa kizito. Mabega yanachoka kabla ya macho. Dari ikiwa fupi utaipiga ngumi. Nyimbo zinazokuja na gemu ni chache za kukumbukwa, pakiti nyingine zinauzwa pembeni na hapo ndipo pesa inapoondoka, na singeli humo usitafute. Kichwa kinatikisika kiasi, kuna vizuizi vya kuinama, kwa hiyo dada wa Majengo atahitaji kubana mtandio vizuri. Chaji saa mbili hadi tatu, umeme ukikatika unamalizia wimbo.

MCHANGIAJI (Kaloleni, Arusha)

Insha yote hiyo na hujasema kama ni nzuri.

MLETA MADA

Kwa anayetaka kutoka jasho chumbani na anayependa mdundo, nunua, hutajuta. Kwa anayetaka hadithi, usinunue, utaichoka wiki ya pili. Nyota ngapi hapo?

MWENYE BANDA LA GEMU

Kwangu tano. Jumamosi hii njoo uone foleni.