Mjadala: Filamu ya Ammonite imemkosea nani, Mary Anning au Charlotte Murchison?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nimeitazama Ammonite, filamu ya Francis Lee ya mwaka 2020, na nina ubishi nauleta kwenu. Kwa ambao hawajaiona: ni miaka ya 1840, Lyme Regis, mji mdogo wa pwani kusini mwa Uingereza. Mary Anning (Kate Winslet) anachokoa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kwenye magenge ya bahari na kuwauzia wageni. Bwana mmoja wa London, Roderick Murchison, anamwachia mkewe Charlotte (Saoirse Ronan), mwanamke aliyezama kwenye huzuni. Wanawake hao wawili wanapendana, tena zama ambazo penzi la namna hiyo hukulitaja mbele za watu.

Wote hao waliishi kweli. Ndiyo maana kelele zilianza 2019, filamu haijatoka: baadhi ya jamaa wa ukoo wa Anning walisema hakuna ushahidi kwamba Mary alipenda wanawake. Lee akajibu kwamba hata wa kumpenda mwanamume haupo, na kama angebuniwa mchumba wa kiume hakuna ambaye angeshtuka.

Kwangu hoja ya Lee imesimama. Mary hakuolewa, na ya moyoni mwake alikufa nayo. Msanii akijaza pengo hilo hajamsingizia mtu.

Aliyesingiziwa ni Charlotte. Huyu alizaliwa 1788, Mary 1799. Maana yake alikuwa dada mkubwa kwa Mary kwa miaka 11, lakini filamu imemgeuza binti ambaye Mary angeweza kumzaa. Mwaka 1825 alibaki Lyme wiki kadhaa, akishuka ufukweni na Mary kujifunza kazi. Yeye ndiye aliyemvuta mumewe, askari mstaafu aliyekuwa akishinda kuwinda mbweha, aingie kwenye jiolojia! Alichora miamba, akakusanya visukuku, na kuna kisukuku cha amonaiti, mnyama wa kale wa baharini mwenye gamba la mviringo, kilichopewa jina lake, Ammonites murchisonae. Sasa filamu inaitwa Ammonite, na mwenye amonaiti yake mwenyewe anaingizwa humo kama mgonjwa: anatumbukizwa baharini, anapata homa, analazwa kitandani auguzwe.

Jina lenyewe si geni kwetu. Maporomoko ya Murchison kule Uganda, mpelelezi Samuel Baker aliyapa mwaka 1864 jina la huyo huyo Roderick, aliyekuwa kigogo wa Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme. Bwana kapata maporomoko ya Mto Nile, bibi kapewa homa. Karibuni, matusi tuyaache nje.

Mchangiaji, Mwanza

Mleta mada, umemtetea tajiri ukamwacha maskini. Charlotte alikuwa na mume, nyumba na marafiki wakubwa. Mary aliibiwa sifa akiwa hai. Mwishoni mwa 1823 alifukua plesiosaria mzima, mtambaazi wa kale wa baharini mwenye shingo ndefu. Mwanajiolojia Conybeare akasimama mbele ya Jumuiya ya Jiolojia ya London mwaka 1824 kumweleza mnyama huyo, na jina la Mary hakulitamka. Cuvier, bingwa wa elimu ya wanyama wa Ufaransa, alidhani ile shingo ndefu ni ya kughushi, halafu akalazimika kumeza maneno yake. Hiyo si filamu tosha? Mwanamke kaipindua elimu ya watu wakubwa, na hakuna hata tukio moja la mkasa huo. Tumepewa chumba cha kulala. Angekuwa mwanasayansi wa kiume tungeonyeshwa alichogundua kwanza, mapenzi baadaye.

Na marehemu hajibu. Alifariki 1847 kwa saratani ya matiti, mtu wa kanisa siku zote. Angependa hivi? Sidhani.

Mleta mada

Mkuu, kuhusu Cuvier tuko pamoja, ningelipa kiingilio mara mbili. Lakini rudi mwanzo wa filamu: kisukuku kinaingizwa jumba la makumbusho, mfanyakazi anayesugua sakafu anaamriwa apishe, na kikaratasi chenye jina la Mary kinabanduliwa, kinawekwa cha bwana aliyekitoa zawadi. Dakika chache tu, na wizi wote unaousema umo. Hao hao wa jumuiya hawakupokea mwanamke hadi 1919. Mimi nauliza tofauti: kwa nini mwanamke wa pili ilibidi apunguzwe akili ili penzi litokee? Wajuzi wawili hawawezi kupendana?

Mchangiaji, Nairobi

Naona mnahangaika sana na ushahidi. Huku kwetu Kenya, filamu ya Rafiki ilipigwa marufuku 2018. Ni hadithi ya penzi la wasichana wawili wa kubuni, hakuna maiti aliyesingiziwa, hakuna ukoo uliolalamika. Mahakama Kuu ikafungua siku saba tu, na kumbi za Nairobi zikajaa. Kwa hiyo mtu akiniambia shida yake ni “hakuna ushahidi”, namuuliza: ungeletewa barua ya Mary kwa mkono wake, ungeikubali filamu? Wengi wangetafuta sababu nyingine. Wachache ni wakweli, kama huyo ndugu wa Mwanza, na hao nawasikiliza.

Mchangiaji, Mombasa

Nyote mmemsahau Elizabeth Philpot. Naye alikuwa mtu kweli, mkusanyaji visukuku hodari wa hapo hapo Lyme, hakuolewa. Filamu inadokeza kwamba yeye na Mary waliwahi kuwa na jambo lao. Mleta mada, hilo nalo ni kujaza pengo, au?

Mleta mada

Ni kujaza pengo, ndiyo. Ila, dada yangu, Elizabeth ameachiwa umri wake na akili zake.