Vipunje vya fedha vya mtindo wa Bali: lehemu inavifunika, nifanyeje?

Sonara wa Kirumba:
Wanajukwaa, habari za kazi. Mteja mmoja hapa Mwanza ameniletea hereni za fedha zilizotengenezwa Celuk, kijiji cha masonara katika wilaya ya Gianyar kisiwani Bali, akitaka nimtengenezee pete inayofanana nazo. Zimejaa vipunje vya duara vidogo kama ulezi, na kila kimoja kimesimama peke yake. Nikijaribu mimi, lehemu inatiririka na kujaza nafasi zote. Wenzetu wanafanyaje?

Mzee wa Ukerewe:
Ndugu Sonara, achana na lehemu ya vipande. Kazi hiyo Wabali huiita *jawan*. Waya mwembamba wa fedha hukatwa vipande vilivyo sawa, vikapangwa juu ya mkaa na kupigwa moto hadi viyeyuke na kujiviringa vyenyewe. Kisha husagwa mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, pamoja na maji kidogo ili kupata gundi, na kila kipunje huchovywa humo na kuwekwa mahali pake kwa ncha ya brashi. Ndipo hunyunyizwa unga wa lehemu uliochanganywa na boraksi, ile chumvi inayosaidia lehemu kutiririka na kushika. Pasha pete nzima kwanza, usielekeze moto kwenye vipunje, na unga ukishang'aa tu, ondoa moto papo hapo. Tahadhari: mbegu hizo zina sumu kali, kwa hiyo kinu cha nyumbani kisihusike kabisa.

Binti Nyegezi:
Naongeza kwamba fedha ya 925, ambayo sehemu 75 zilizobaki katika 1000 kwa kawaida ni shaba, huanza kulegea kwenye nyuzi 800 hivi za Selsiasi, ilhali fedha tupu huyeyuka karibu na 962. Basi tumia lehemu inayoyeyuka karibu na 700. Tena, nusu ya uzuri wa hereni hizo ni weusi ulioachwa kati ya vipunje: kazi hutiwa weusi kwa dawa ya salfa, kisha hung'arishwa juu tu.

Sonara wa Kirumba:
Nawashukuru. Boraksi ninayo, na mturituri si mgeni kwetu. Unga wa lehemu je?

Mzee wa Ukerewe:
Piga tupa kipande cha lehemu juu ya karatasi safi, halafu pitisha sumaku ili kuondoa chembe za chuma cha tupa.